Fenibelti inalia, fundi anauza spea! Gereji za Mwanza mnatuumiza

Wakuu, nina hasira na leo naisema hadharani. Kuna tabia kwenye gereji zetu hapa Mwanza inatumaliza wenye magari: fundi hatafuti ugonjwa, anabadilisha spea moja baada ya nyingine kwa hela yako mpaka abahatishe. Asipobahatisha, hasara ni yako na yeye ameshakula ufundi.

Gari yangu ina injini ya Toyota aina ya 1ZZ. Kwa wasioijua, taimingi yake ni ya cheni, iko ndani. Nje kuna fenibelti moja ndefu ya mistari, inatoka puli ya krenki (gurudumu la mhimili mkuu wa injini) na kuzungusha wota pampu, alteneta inayochaji betri, pampu ya stelingi na kompresa ya AC. Ikikatika hiyo moja, vyote vinakufa kwa mpigo. Stelingi inakuwa nzito, taa ya betri inawaka, maji hayazunguki, na usipozima mapema injini inachemsha. Mimi shughuli zangu ziko Sengerema, navuka daraja la Kigongo–Busisi kila mara, tena mara nyingi usiku. Lile daraja ni kilomita 3 juu ya ziwa. Nani anataka fenibelti imkatikie pale katikati, lori likija nyuma yake? Kwa hiyo mtu asiniambie "ni kelele tu, haina shida".

Kisa chenyewe. Alteneta ilikufa, gereji moja maeneo ya Nyakato (jina nalihifadhi) wakanifungia nyingine ya mtumba. Jioni ile ile gari ikaanza kulia: chwi, chwi, chwi. Ukikanyaga mafuta, na mlio unaongeza kasi. Nikarudi. Fundi hata boneti hajainua vizuri: "Fenibelti imezeeka, bosi." Haya, nikanunua mpya, 45,000. Ikatulia kidogo, ikaanza tena. Nikarudi, kijana akachukua kipande cha sabuni ya mche akakipaka kwenye fenibelti injini ikiwa inaunguruma. Kimya! Akaniambia nimepona. Kesho yake asubuhi mtaa mzima Buhongwa unasikia nikiwasha gari. Ikaja hadithi ya tenshena, kile kifaa cha kukaza fenibelti, 130,000 pamoja na ufundi. Kelele pale pale. Mwisho wakaniambia sasa itakuwa kompresa ya AC, inabidi ishushwe. Hapo nikaondoa gari yangu.

Swali langu kwa mafundi wote wanaosoma hapa: kwa nini katika mlolongo wote huo hakuna hata mmoja aliyeniuliza mlio ulianza lini? Ulianza siku mlipofunga alteneta! Kitu cha kwanza kukagua ni kile kilichoguswa mara ya mwisho. Hilo halihitaji mashine ya kompyuta, linahitaji mdomo wa kuuliza.

Tena milio ya fenibelti haifanani, na fundi anapaswa kuijua kwa sikio. Kuna ule mrefu, chwiiiii, unaotoka ukikata stelingi mpaka mwisho, ukiwasha AC, au asubuhi alteneta inapofanya kazi kubwa ya kurudisha chaji. Huo ni wa kuteleza: fenibelti imelegea, tenshena imechoka, au kuna oili imedondokea. Halafu kuna mfupi mfupi unaojirudia kama kifaranga, unaofuata mzunguko wa injini. Huo mara nyingi ni wa puli kutokaa kwenye mstari mmoja na wenzake, kwa hiyo fenibelti inaingia kwenye mifereji kwa upande na kujisugua kila inapopita.

Na kipimo cha kuitofautisha ni maji. Maji tu! Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, unanyunyiza kidogo upande wa mistari, mikono na mikono ya shati ikiwa mbali na puli. Mlio ukipungua au ukinyamaza kwa muda kisha ukarudi maji yakikauka, tafuta puli iliyopinda au iliyotokeza. Mlio ukizidi, fenibelti inateleza, kagua ukazo wake. Sasa rudini kwenye ile sabuni. Kilicholainisha kikanyamazisha mlio, halafu ukarudi. Yule kijana alikuwa ameshika jibu mkononi, akalitumia kunifukuza gereji.

Aliyemaliza kazi ni fundi mmoja wa Igoma, kijana mdogo tu. Alianza kwa kuniuliza gari imefunguliwa nini karibuni. Akamwagia maji, ikanyamaza, ikarudi. Akazima injini na kumulika tochi ya simu: kuzunguka puli ya alteneta kumejaa unga mweusi wa mpira. Akanivutia ukingo wa fenibelti, ile ile mpya ya 45,000, umeliwa upande mmoja na nyuzi zinaning'inia. Akachukua rula ya chuma, akailaza kwenye uso wa puli za jirani mpaka kwenye alteneta. Ilikataa kulala. Puli ya alteneta imetokeza mbele kama milimita mbili hivi.

Milimita mbili mtaona ndogo. Kwenye fenibelti za aina ya PK, kutoka mstari mmoja hadi wa pili ni milimita 3.56. Mbili ni zaidi ya nusu ya mstari! Itaacha kulia vipi?

Alteneta ile ilitoka kwenye gari nyingine, ikaja na puli yake isiyolingana na injini yangu. Dawa ilikuwa kufungua puli ya alteneta yangu ya zamani na kuihamishia kwenye hii. Nikapiga simu Nyakato kuiulizia. Wameshaiuza chuma chakavu! Bila kuniuliza, mali yangu. Ilibidi nizunguke maduka ya spea za mtumba mpaka nikapata puli inayolingana, kisha ninunue fenibelti nyingine kwa sababu ile imeharibika. Sasa gari imetulia kabisa, na kompresa waliyotaka kuishusha inapuliza baridi vizuri.

Jambo jingine kwa mafundi wanaosema "imezeeka" kwa kutazama tu. Fenibelti nyingi za siku hizi ni za mpira wa EPDM, hazichanikichaniki kama zile za zamani. Zinaisha kama tairi, mifereji inazidi kuwa mipana. Inaweza kuonekana nzima kumbe imekwisha, na inaweza kuwa mpya kabisa ikalia kwa sababu puli ni mbovu. Zungusha aidla, ile puli ya kuongozea fenibelti tu, kwa mkono usikie beringi. Tazama mkono wa tenshena kama umelalia upande. Tazama puli ya krenki kama mpira wake wa katikati umeachia, maana hata hiyo inatupa fenibelti nje ya mstari. Kazi hiyo yote haina gharama ya spea hata moja, na pengine ndiyo maana haifanywi.

Mwenye gereji, najua unapita humu na namba yangu unayo. Nataka tenshena yangu ya zamani ambayo nayo mlibaki nayo, nataka 130,000 ya kitu ambacho hakikuwa na tatizo, na nataka thamani ya alteneta mliyouza. Fenibelti iliyoliwa ninayo kwenye buti na nakuja nayo Jumatatu.

Wadau, risiti ya EFD hawakunipa, nina ujumbe wa miamala ya simu tu. Aliyewahi kudai gereji kwa ushahidi wa aina hiyo akalipwa, alianzia wapi?