Mrejesho: Faili la Python lililochanganya alama za Tab na nafasi

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza kwa nini programu yangu ya Python ilikuwa ikitoa kosa la TabError (linalolalamikia mchanganyiko wa Tab na nafasi mwanzoni mwa mistari), ilhali kwa macho mistari yote ilionekana imepangwa sawasawa. Mlikuwa sahihi: baadhi ya mistari ilianza kwa Tab na mingine kwa nafasi nne, na kihariri changu huonyesha Tab kwa upana huohuo, lakini Python 3 haikubali ujongezaji (uwazi wa mwanzoni mwa mstari) ambao maana yake inategemea upana wa Tab. Nilitumia amri ya expand -i -t 4, inayogeuza Tab kuwa nafasi, na kuyaelekeza matokeo kwenye faili jipya, kwa kuwa kuyaelekeza kwenye faili lilelile hulifuta kabla halijasomwa. Naisisitiza -i, kwani hugeuza Tab za mwanzoni mwa mstari pekee na kuziacha zile zilizomo ndani ya matini. Nilikosea kuigeuza Makefile pia (faili la maelekezo ya make, zana ya kujenga programu), ambayo mistari yake ya amri hudai Tab halisi mwanzoni, na make ikakataa kuisoma. Nimeirudisha nakala ya awali, na sasa faili la .editorconfig (la mipangilio ya kihariri) linaagiza nafasi kwa Python na Tab kwa Makefile.