Tupeane uzoefu: mchochota wa utumbo umetulia, kovu limebaki

Habari wakuu. Uzi huu ni wa wenye ugonjwa wa Crohn (mchochota wa kudumu wa njia ya chakula, yaani ukuta wake kuvimba na kujeruhiwa) na wanaowauguza, hasa mlioambiwa kuwa njia ya utumbo imebana kwa sababu ya kovu.

Kwangu mchochota ulikuwa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Nilipewa steroidi, kisha dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Kuharisha kukakoma, uzito ukarudi, majibu ya damu yakawa mazuri. Halafu yakaja maumivu ya aina nyingine kabisa: nikishakula tumbo linajaa, linanguruma, linakaza kwa mawimbi, mwisho linaachia na nasikia maji yakipita. MRI ikaonyesha sehemu fupi yenye ukuta mnene, na utumbo uliotangulia sehemu hiyo umetanuka. Daktari alinieleza kuwa dawa imezima mchochota, lakini kovu lililokwisha kuota haliondoki kwa dawa hiyo. Natamani kila mgonjwa aambiwe hivyo siku ya kwanza.

Ninyi mligunduaje, na mkafanyiwa nini?

Mshono: Pole sana mkuu. Mimi nilifika hospitali natapika, tumbo limevimba, hata upepo hautoki. Utumbo ulikuwa umeziba. Wakakata kipande kilichobana na kuunganisha ncha mbili. Kula bila hofu ni raha ambayo nilikuwa nimeisahau. Ila daktari wa upasuaji alinionya mapema kwamba Crohn hupenda kurudi karibu na pale palipounganishwa, ndiyo maana nafanyiwa kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo kwa kamera, hata nikiwa sijisikii vibaya. Sigara niliacha palepale, kwa kuwa mvutaji ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi.

NesiWaZamu: Nimefanya kazi wodi ya upasuaji, na vipande hivyo nimeviona. Ni vigumu, vinene, tundu limebaki dogo mno. Kwenye kolaitisi ya vidonda, ugonjwa ndugu wa Crohn unaoshika utumbo mpana, mchochota hukaa zaidi kwenye utando wa ndani. Crohn hupenya ukuta wote, kutoka ndani hadi nje. Kila ukuta unapojeruhiwa, seli ziitwazo fibroblasti huja kuziba jeraha kwa kumwaga kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazofanya kovu. Hiyo ni kazi njema kama jeraha ni la mara moja. Jeraha likirudiwa miaka na miaka, kolajeni inarundikana na misuli ya utumbo nayo inanenepa. Linaloniumiza zaidi ni hili: ukuta ukishakuwa mgumu, ugumu wenyewe huzichochea zile seli ziongeze kolajeni, hata kama mchochota umepoa. Ndiyo sababu nawasihi mtibiwe mapema na msiache dawa kwa kuwa tu mmepata nafuu.

Mdau_Mpya: Kwa hiyo kalprotektini ya kinyesi ikiwa chini, bado mtu anaweza kuwa na kovu?

NesiWaZamu: Ndiyo ndugu yangu. Kile ni kipimo cha mchochota, kovu hakilioni. Mbano wenyewe huonekana kwa MRI, CT au ultrasaundi ya utumbo inayofanywa na mtu mwenye uzoefu. Na mara nyingi mbano huwa mchanganyiko, sehemu uvimbe, sehemu kovu. Dawa ikipunguza uvimbe njia hufunguka kidogo, na wapo wanaoepuka kisu kwa nafuu hiyo.

Nuru ya Asubuhi: Mimi nilitanuliwa kwa puto. Wanaingiza kamera, wanapitisha puto kwenye mbano, wanalijaza taratibu. Walikubali kwa sababu mbano ulikuwa mfupi, chini ya sentimita 5, na hapakuwa na jipu wala fistula, yaani tundu linalotoka utumbo hadi kiungo kingine au ngozi. Wanakuangalia baada ya hapo kwa sababu utumbo unaweza kutoboka, japo si jambo la kawaida. Nimesharudia, na huenda nikarudia tena. Bado nashukuru kwamba utumbo wangu uko mzima. Maganda, mbegu na vyakula vya nyuzinyuzi ngumu naviepuka, na natafuna sana.

Mshono: Dada yangu, hilo la kutafuna nalitilia mkazo. Lingewekwa kwenye karatasi ya kila mgonjwa.

Mlezi wa Mama: Niongeze, si Crohn peke yake. Mama alitumia dawa za maumivu ya viungo kwa miaka mingi, jamii ya diklofenaki, akapata mbano wa utumbo mwembamba. Ukuta ulikuwa umefanya vipete vyembamba vya kovu. Kifua kikuu cha tumbo nacho huleta mbano, na kinafanana sana na Crohn. Ulizeni kama kimepimwa kabla ya kuanza dawa za kushusha kinga, maana zinaweza kukiamsha.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Nina miadi na daktari wa upasuaji. Aliyefanyiwa ule upasuaji wa kupanua mbano bila kukata kipande, tafadhali aje atueleze ilichukua muda gani hadi akarudi kula kawaida.