Chipa ya matawi ya mtumba Kariobangi, niangalie nini kabla nitoe pesa?

mukima_wa_kikuyu
Wadau habari zenu. Niko na kashamba huku Kikuyu, mipaka yote ni mukima (ile miti ya grevilea) na kuna avokado kadhaa, kila tukipogoa matawi yanabaki rundo, tukichoma majirani wanalia moshi, na baadaye mimi huyo huyo naenda kununua matandazo ya miti michanga. Sasa kuna jamaa pale Kariobangi Light Industries, Nairobi, anauza chipa (mashine ya kukatakata matawi) ya mtumba ya petroli, injini imeandikwa 7hp (nguvu ya farasi saba), anasema inameza tawi la inchi nne kama andazi. Anataka 85k lakini naona atashuka. Video amenitumia WhatsApp inanguruma poa tu. Hizi mashine sizijui, nikienda Jumamosi niangalie nini? Anataka pia nimtumie dipoziti ya elfu kumi aniwekee.

fundi_beringi
Dipoziti usitume. Kama iko itakuwa hapo Jumamosi, ikiuzwa basi imeuzwa.

Hiyo inchi nne na 7hp haziingiani. Injini saizi hiyo tawi bichi la inchi mbili itakata bila maneno, la tatu unasukuma pole pole ukingoja ipate raundi tena, la nne ni la kupiga video. Inchi nne ya ukweli tafuta 13hp kwenda juu.

Ukifika shika injini hata kabla salamu ziishe. Ikiwa moto ujue ameishaiwasha ndio isimwaibishe mbele yako, mwambie ipoe, enda ukunywe chai, rudi uiwashe wewe mwenyewe. Moshi wa bluu usioisha ni oili inachomeka, mweusi mara nyingi ni kabureta ama chujio ya hewa, huo usikutishe sana. Na kusema ukweli injini ndio kitu rahisi hapo, ikikufa unafunga ingine. Kinachomaliza watu ni ngoma yenye visu (ama sahani, inategemea ni ya aina gani).

Zima, toa waya wa plagi uuweke mbali, ndio ufungue kava. Usiruke hiyo ya waya, ukizungusha ngoma na mkono injini inaweza kushika na wewe uko na vidole ndani. Sasa shika ngoma na mikono miwili utikise juu chini, kisha kando. Ikicheza, beringi zimeenda, na beringi zenyewe ni pesa kidogo, shida ni shafti kama imeliwa pale beringi inakaa, hapo unaanza kutafuta mtu wa leithi (mashine ya kuchonga chuma). Angalia visu, kutoka makali hadi tundu la bolti kumebaki chuma kiasi gani, kisu kikinolewa sana kinakuwa kifupi hakifikii kile cha chini kilichosimama. Katikati yao iwe milimita moja ama mbili hivi. Ikizidi, mashine inatafuna badala ya kukata na ganda la mukima bichi linajifunga kwa shafti mpaka izime. Bolti za visu soma kichwa, lazima ziwe na namba, 8.8 ama 10.9 ama 12.9. Kichwa kitupu ni bolti ya hadwea na hiyo kitu inazunguka raundi zaidi ya elfu mbili kwa dakika, kisu kikitoka hakiulizi njia. Ukiona weldi imerudiwa kwa ngoma yenyewe, nenda nyumbani.

mama_matandazo
Hiyo ni chipa ama ni chafkata, ile ya kukata nyasi za ng'ombe? Nauliza kwa sababu nimeona chafkata ya nepia imebadilishwa mdomo na kupakwa rangi ikaitwa chipa. Visu vya chafkata ni virefu na vyembamba, vya majani, siku ya kwanza na tawi kavu vinapinda. Itisha picha ya ndani.

Na shamba lenyewe ni kubwa aje? Mimi huongea na wale vijana wa kukata miti Karen, wananimwagia chipsi za miti (vile vipande chipa inatoa) bure kwa sababu hata wao hawataki gharama ya kwenda kuzitupa.

mukima_wa_kikuyu
Ni ekari moja unusu mama, na Karen mpaka kwangu lori lazima nilipie, bure inaisha hapo 😂

Picha amenitumia. Ni sahani, visu viwili vifupi vinene, lakini mdomo wa kuingizia nauona mfupi.

bosi_wa_eastlands
Na makaratasi? Mashine haina logibuku kama gari, kwa hivyo andikishana naye mkataba, kopi ya kitambulisho chake, na namba ya injini ile imechapwa kwa chuma sio ya stika. Kama imesuguliwa achana nayo, kushika mali ya wizi ni kesi, Penal Code kifungu cha 322, na kusema uliinunua Kariobangi mchana kweupe haitoshi.

fundi_beringi
Mdomo mfupi ni mbaya. Ikiwa imezimwa na waya umetolewa, nyoosha mkono ndani, ukigusa visu lazima mdomo urefushwe na karatasi ya chuma kabla mtu yeyote aitumie. Na anayelisha asivae glavu pana ama koti yenye kamba.

Beba matawi yako kwa buti ya gari, mabichi yenye majani na makavu pia. Usijaribie yale ameweka tayari hapo. Chipsi ikitoka na kingo safi visu viko sawa, ikitoka nyuzi nyuzi mwambie apunguze bei kwa sababu ya kunoa.

mama_matandazo
Ukiipata, chipsi mbichi weka juu ya udongo tu, usizichimbie ndani, zinavuta naitrojeni na miti inageuka njano. Na usizibandike kwa shina.

mukima_wa_kikuyu
Asanteni sana. Naenda na matawi na spana. Nikikuta iko sawa nisizidi ngapi?

fundi_beringi
Kwa 7hp mimi ningesimama elfu 60, na aongeze seti ya pili ya visu. Bila hiyo seti, elfu 50.