Naomba ushauri: Wino wa mamangu ulijichapa kwa mgombea mwingine, je, kura yake ilihesabiwa?

BintiMtwapa

Wanajukwaa, hamjambo. Nina jambo lililonikaa moyoni tangu uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 9, 2022, na kwa kuwa 2027 haiko mbali, nimeona nilitoe kwenu. Mamangu ana miaka sabini na mitatu na macho yake yana ukungu, lakini hataki kabisa kushikiwa kalamu na mtu. Siku hiyo alipewa karatasi zake sita, akaingia kibandani peke yake, akatumia kalamu iliyokuwa ikivuja wino, na kila alipomaliza karatasi moja aliikunja papo hapo. Ile ya mwisho, ya kijani ya mbunge, aliifunua kidogo ahakikishe, akakuta alama mbili: yake mwenyewe, na nyingine hafifu katika chumba cha mgombea wa chini. Hakumwambia mtu. Aliitumbukiza sandukuni, kisha njia nzima ya kurudi nyumbani akawa ananiuliza kama amempigia kura mtu asiyemtaka.

Jirani yetu, aliyeolewa huku Mtwapa akitokea Tanga, Tanzania, amezidi kumtia hofu kwa kushikilia kwamba alama inayokubalika ni ya vema peke yake, ilhali mamangu hupiga msalaba tangu uchaguzi wa 1992. Nami nimeombwa niwe wakala wa chama kituoni mwaka 2027, kwa hiyo naomba mnieleze sheria inavyosema, maana ya watu nimeyasikia ya kutosha.

KaraniWaZamani

Dada, mpe mama pole, kisha umwambie alale usingizi. Nilikuwa karani wa uchaguzi mwaka 2013 na 2017, na alama za kujichapa ni miongoni mwa mambo tuliyokutana nayo usiku wa kuhesabu. Kanuni ya 77 ya Kanuni za Uchaguzi za mwaka 2012 inasema kura haihesabiwi ikiwa karatasi haina alama za usalama za Tume ya uchaguzi, ikiwa imepigwa au inaonekana kupigiwa wagombea zaidi ya mmoja, ikiwa maandishi au alama zake zinaacha shaka kuhusu aliyechaguliwa, ikiwa nambari yake si ya kituo hicho na haiwezi kuthibitishwa kwa vishina (vipande vinavyobaki kitabuni) vya karatasi zilizotumika, au ikiwa haina alama yoyote. Lakini kanuni hiyohiyo inaendelea kusema kwamba alama iliyowekwa pasipo mahali pake, au alama zaidi ya moja, haibatilishi kura kwa sababu hiyo tu, mradi nia ya mpiga kura inaonekana wazi na karatasi haimtambulishi aliyeipiga.

Sasa kuhusu wino wenyewe. Msimamizi wa kituo hufunua karatasi, akatangaza jina la aliyepigiwa, kisha akaigeuza mawakala waione. Ikionekana alama mbili, sisi tuliikunja tena palepale kwenye mkunjo wake wa kwanza. Ikiwa doa hafifu linaangukia juu ya alama nzito sawasawa, hapo hapana ubishi. Vema iliyojichapa hujisema yenyewe zaidi, kwa sababu mkia wake mrefu huelekea upande wa kinyume, kama mwandiko unaouona kwenye kioo. Msalaba haukusaidii hivyo, kwani ukiugeuza unabaki msalaba, na hapo unategemea uzito wa wino na mkunjo tu. Simwambii mama aache msalaba wake, ila namwomba apulize wino kabla ya kukunja.

MtuWaTanga

Huyo jirani msimlaumu sana, huenda amebeba maelekezo ya nyumbani. Huku Tanzania tunaelekezwa tuweke alama ya vema katika chumba cha mgombea tunayemtaka, na elimu ya mpiga kura hurudia neno hilo mpaka linazoeleka masikioni. Anayehamia Mtwapa huhama nalo.

MsomaSheria

Nakubaliana na Karani, na Kenya kwa kweli vema, msalaba na hata dole gumba vyote hupokewa. Niongeze tofauti ambayo watu wengi huichanganya, hata magazetini. Karatasi iliyoharibika ni ile ambayo mpiga kura ameikosea akiwa bado nayo mkononi. Anairudisha kwa msimamizi wa kituo, inafutwa, naye hupewa nyingine. Kura iliyokataliwa ni ile iliyokwisha kuingia sandukuni na ikaonekana haifai wakati wa kuhesabu. Mamako, dada yangu, alikuwa na haki ya kutoka kibandani na ile karatasi ya kijani, akaeleza kilichotokea, na kuomba nyingine. Hakuna aibu katika hilo, ingawa najua wazee wetu huona haya mbele ya foleni.

Kuhusu maandishi, mtu akiandika jina lake au kutia sahihi kwenye karatasi anajitambulisha, na hapo amevunja siri ya kura yake mwenyewe. Wapo pia wanaoandika matusi kando ya picha za wagombea, na hao huwapa mawakala kazi ya bure ya kubishana usiku kucha.

Wala kura hizi si jambo dogo. Mwaka 2013 kura 108,975 za urais zilikataliwa, na Tume ilikuwa imezijumuisha katika jumla ilipomtangaza Uhuru Kenyatta kwa asilimia 50.07. Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura iliyokataliwa haiingii katika hesabu ya kutafuta nusu ya kura na moja zaidi inayotakiwa kwa ushindi wa urais. Ukiziondoa, kura zake 6,173,433 zinakuwa takriban asilimia 50.5 ya kura 12,221,053 halali. Kwa ushindi mwembamba kama ule, utaona kwa nini mawakala hung'ang'ania kila karatasi.

BintiMtwapa

Nawashukuru sana. Mamangu nimemsomea yote, na hapo pa kukunja tena karatasi amecheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze habari hii. Naomba mnisaidie moja zaidi: nikiwa wakala, na msimamizi akaikataa karatasi ambayo mimi naiona ina nia iliyo wazi, nifanye nini?

WakalaSugu

Usipige kelele na usiiguse karatasi. Mwambie msimamizi kwa utulivu kwamba unapinga, na udai aandike kwenye karatasi hiyo kwamba imekataliwa na kwamba kukataliwa kwake kumepingwa, kwa sababu kanuni zinamtaka afanye hivyo. Uamuzi wake kituoni hapo ni wa mwisho mpaka kesi ya uchaguzi ifunguliwe, kwa hiyo yale maneno machache yaliyoandikwa ndiyo yatakayokuwa mkononi mwa wakili wenu. Kura za namna hiyo zina nafasi yake katika fomu ya matokeo, na kwa urais ni Fomu 34A. Hakikisha tarakimu ya hapo inalingana na uliyoiandika kwenye daftari lako kabla hujatia sahihi. Hesabu ikikutia shaka, unaweza kuomba kura zihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili.

Na mama akibadili nia akataka kusaidiwa, anaruhusiwa kuingia na mtu mzima anayemwamini. Tena asiwe wewe, kwa kuwa wakala haruhusiwi kumsaidia mpiga kura, na msaidizi mmoja humsaidia mpiga kura mmoja tu.

BintiMtwapa

Hilo la wakala sikulijua, na limebadilisha mpango wetu. Mdogo wangu ndiye atakayekwenda naye. Jana usiku tulichora safu za vyumba kwenye karatasi ya daftari, mamangu akapiga msalaba wake, akahesabu polepole hadi ishirini huku akipuliza, ndipo akakunja. Tulipofunua, chumba cha chini kilikuwa cheupe. Ameomba nimchoree nyingine tano.