Rafiki yangu wa Monduli: niseme au ninyamaze?

Mzee wa Sakina ameandika:

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mstaafu wa jeshi, naishi Arusha. Akaunti hii kanifungulia mjukuu, kwa hiyo nikirefusha mnivumilie.

Mwezi uliopita tulimzika rafiki yangu kule Kibosho, kwenye kihamba cha baba yake. Tulikutana chuoni Monduli mwaka 1984 tukiwa maofisa kadeti. Ndio mwaka aliofariki Sokoine, mwezi wa nne, na magari yakapanda Monduli Juu siku nzima. Kitanda chake kilipakana na changu. Tulimwita Saa Kumi, maana kipenga kilipolia alfajiri yeye alikuwa ameshanawa, ametandika, anapiga viatu rangi. Vyake, na mara nyingi vyangu pia.

Watu wa Moshi wanamjua kwa mambo ya baadaye. Alipostaafu alianza kukimbia alfajiri na vijana wa mtaani, wale waliokuwa wanashinda kijiweni. Hela ya kuwapa hakuwa nayo. Alikuwa na saa ya mkononi, daftari la majina, na mdomo. Ukichelewa dakika moja unakuta wameshaondoka. Wakilalamika kilima, anawaonyesha Kilimanjaro: "Luteni Nyirenda alifika kule juu na mwenge usiku wa Uhuru, 1961. Nyie barabara ya Kibosho tu mmeshika viuno!" Katika hao wako waliokwenda JKT, yuko nesi, wako wanaokimbia ile marathoni inayoanzia Ushirika. Mmoja ana meza ya mitumba Memorial, na huyo ndiye aliyekuwa akimtaja kuliko wote. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Sasa swali. Jumamosi ni misa ya arobaini, na familia imenipa dakika tano niongee. Kila atakayenitangulia atasema marehemu alikuwa jabali tangu utoto. Mimi najua habari nyingine. Wiki ya tatu pale chuoni, baridi ya Monduli imetuingia mifupani, miguu imejaa malengelenge, alitaka kutoroka. Nilimkuta usiku kwenye seng'enge na begi lake. Tuliongea mpaka Meru ikaanza kuonekana, tukarudi kabla ya kipenga. Kamisheni tukapewa siku moja. Habari ile hatukuigusa tena, na sijamwambia mtu, hata mke wangu.

Naona vijana wake ingewafaa kuisikia. Lakini naogopa kumvua nguo mtu aliyelala. Mnanishauri nini?

Mpita Njia:

Marehemu hasemwi. Sema alikuwa shupavu, shukuru, kaa chini.

Koplo wa Zamani:

Pole sana afande. Mimi naona useme. Nani kati yetu hakuwahi kuitazama ile seng'enge kwa jicho la tamaa? Mimi depo niliitazama kila siku, kilichonizuia ni kutojua njia ya kwetu iko upande gani. Ombi langu moja: dakika tano ziwe tano. Nawajua wazee wa kozi zenu, mtu anaanza na historia ya chuo tangu kingali Dar es Salaam, wali unapoa.

Mama Ndizi:

Pole kaka yangu. Usitusikilize sisi, nenda kwanza kwa mjane. Yeye ndiye atakayebaki na maneno yako nyumbani mkishaondoka. Akikataa, basi, imekwisha. Na kama jambo limekukaa kifuani miaka yote hiyo, usiende mikono mitupu: beba sukari, na uchume sale, lile jani la kuombea msamaha. Watu wa mjini watacheka, lakini kwetu Uchagani sale likishawekwa mbele ya mtu, hata mwenye hasira anatulia akusikilize.

Mpita Njia:

Sale tena? Hajamkosea mtu huyu mzee.

Meza ya Memorial:

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu kabla ya kuandika. Mwenye meza ya mitumba ni mimi.

Habari ya seng'enge naijua. Alinisimulia siku niliyomrudishia raba alizoninunulia, nikamwambia sikimbii tena, nimechoka kuchekwa. Alikaa kwenye kigoda changu, wateja wanapita, akasimulia yote: baridi, malengelenge, Meru. Halafu akaniachia raba juu ya meza akaondoka. Kwa hiyo kwa upande wetu usiogope, hutamvua chochote.

Ila mzee, uniwie radhi, mimi ni mtoto kwako. Katika simulizi yake mabegi yalikuwa mawili. Alisema aliamka akakuta kitanda cha jirani kitupu, akafungasha na la kwake akamfuata, ili kama ni kutoroka watoroke wote. Jina la mwenzake nilimuuliza. Alicheka tu.

Mzee wa Sakina:

Marahaba, binti yangu. Jibu lako nililisoma jana mchana, leo ndio napata mikono ya kuandika.

Yalikuwa mawili. Langu lilikuwa la turubai, mkanda umekatika, nimeufunga kwa kamba ya kiatu. Niliandika kwamba nilimkuta. Yeye ndiye aliyenikuta. Nimeisimulia vile kichwani mwangu miaka mingi mno, hata juzi wakati naandika hapa sikushtuka.

Hakuniambia turudi, wala hakunisihi. Alitua begi lake chini, akalikalia, akaniuliza nauli ninayo shilingi ngapi.

Koplo, dakika tano zitanitosha. Kesho napanda basi kwenda Kibosho kumwona shemeji kabla ya hiyo Jumamosi. Mama Ndizi, ulisema sukari na sale. Sukari ninayo. Sale kwa hapa Sakina nalipata wapi?