Nikisema kwenye kikao, kimya; mwanaume akirudia, wanashangilia. Nifanyeje?

MamaKaratasi: Ndugu zangu, habari za jioni. Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Kikao cha Jumatatu nikisema kwa upole, "labda tuwe tunahakiki manifesti kabla lori halijafika mpakani," yaani ile orodha ya mizigo, hakuna anayejibu. Muda si mrefu kijana anayekimbiza karatasi forodhani anasema yale yale kwa sauti nzito, bosi anagonga meza: "Hilo ndilo wazo!" Nikikaza sauti naambiwa nina mdomo, "kwani nyumbani unaongea hivyo?" Nafasi ya msimamizi inatolewa mwisho wa mwezi. Nisemeje nisikike?

Tororo_Damu: Pole dada. Futa "labda". Wanaume tunasikia amri.

Nakku_Jinja: Akifuta "labda" anaitwa mkali, ameshaeleza, soma kwanza. Mwaka 1975 watafiti Zimmerman na West walichambua mazungumzo ya mwanamke na mwanaume huko Marekani: mara 48 mtu alikatizwa, na mara 46 mkatizaji alikuwa mwanaume. Mazungumzo yenyewe yalikuwa 11 tu, kwa hiyo si msahafu, lakini nilipoyasoma nilikumbuka vikao vyangu vyote.

DerevaMstaafu: Nimeendesha Mombasa–Kampala miaka mingi. Siku moja karatasi zangu zilikuwa na kosa, wanaume wa ofisini jibu lao likawa "subiri". Mama mmoja pale Busia alichana pakiti ya sigara, akaniandikia ni namba ipi iliyokosewa na dirisha la kwenda kurekebisha. Nikavuka jioni ile ile. Hakupaza sauti hata kidogo.

Mwalimu_K: Heshima kwanza. Siku hizi mabinti wanataka cheo kabla ya adabu.

Nakku_Jinja: Mwalimu, kuhakiki manifesti ni utovu wa adabu? Dada, huyo bosi ni nani kwako? Bosi wa kawaida hakuulizi unavyoongea nyumbani.

MamaKaratasi: Haya. Ni kaka mkubwa wa mume wangu. Nimeolewa Usoga. Asubuhi akiingia nampigia magoti pale pale kwenye saruji, madereva wakiangalia. Na msidhani nalalamikia magoti, ni shemeji yangu na nitampigia hadi kesho. Nataka nikishainuka anisikilize.

Nakku_Jinja: Hilo ndilo ungeanza nalo!

Wakili_Mdogo: Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi wa kijinsia kazini. Muone afisa wa kazi.

MamaKaratasi: Nimshitaki shemeji, halafu Krismasi nikale wapi? Isitoshe barua ya kuomba nafasi nimeshapeleka, na nakala kwa bosi mwenzake wa Kampala. Mume wangu hajui. Msinilaumu, barua haikatizwi katikati ya sentensi.

Mzee_wa_Foleni: Hii chai. Jumatatu asubuhi Malaba malori yamejipanga, ofisi gani ya forodha inakaa kikao? Huyu ni mwanafunzi anatafutiwa insha.

Tororo_Damu: Sisi tunakaa alfajiri, kabla foleni haijaanza.

DerevaMstaafu: Foleni ya Malaba haianzi kijana, inalala pale pale.

MamaKaratasi: Tunakutana saa moja, uani, tumesimama, jenereta linanguruma. Ndiyo maana sauti nzito inashinda.

Mzee_wa_Foleni: Uani kuna meza ya kugonga?

MamaKaratasi: Ya mama wa chai, ya plastiki. Njoo ujionee.

Nakku_Jinja: Mwacheni. Dada, wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani enzi za Obama walikuwa na mbinu: mmoja akitoa hoja, mwenzake anairudia hapo hapo akimtaja mwenye hoja, isiibwe. Pale kwenu kuna mwanamke mwingine?

MamaKaratasi: Keshia. Vikaoni huwa hasemi kabisa, ila manifesti zikikosewa yeye ndiye anayelipia faini na kutukanwa. Namfuata kesho kabla ya saa moja. Barua siirudishi.