Tupeane uzoefu: usiku homa ilipokubana nyumbani, ulifikaje hospitali?

Nyar Manyatta (mwanzishaji)

Habari za jioni wanajamii. Baridi ya Julai imeingia, hapa Manyatta, Kisumu, kila nyumba inakohoa. Jana kwenye foleni ya maji nimemsikia mama mmoja akisema, "Ni homa tu, itaisha." Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka jana nikiwa nimempakata mtoto wa miezi kumi, na nusura nimpoteze. Ndiyo maana nafungua uzi huu.

Ilianza Jumatatu, kamasi na joto. Nilikuwa na vidonge vya malaria vilivyobaki kwa kakake, nikavunja nusu nikampa. Jumatano nikampeleka dispensari, akatobolewa kidole, kipimo kikaonyesha hana malaria. Nikapewa dawa ya maji ya kushusha joto, nikarudi nyumbani na furaha. Sisi wa huku ziwani tumezoea malaria kiasi kwamba ukiambiwa haipo, unasikia kama umeambiwa mtoto ni mzima. Kumbe kile kipimo kimejibu swali moja tu.

Alhamisi usiku akakataa titi. Nikabisha kwa jirani, ni mhudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mabegi ya vifaa na serikali mwaka 2023. Akaniambia nimtulize kwanza asilie. Akampandisha fulana hadi kwapani, akaweka simu godoroni ikihesabu dakika moja, akainama kuhesabu pumzi. Nikaona kitu ambacho siku zote hizo nilikuwa nakifunika kwa blanketi: kila akivuta pumzi, chini ya mbavu panabonyea ndani, na matundu ya pua yanatanuka. Dakika ikaisha. "Sitini na mbili," akasema. "Kwa umri wake, hamsini tayari ni nyingi. Vaa viatu."

Hospitali ya kwanza tuliyofika, mtungi wa oksijeni ulikuwa mtupu. Ya pili kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kilisoma asilimia 84, imeshuka, akawekewa mpira wa oksijeni puani, tukakaa siku nne. Nimonia iliyofuata mafua, ndivyo tulivyoambiwa. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye oksijeni ilichukua saa mbili na dakika arobaini, na mimi naishi mjini. Nilipoteza muda nikitafuta nauli, nikitafuta kitabu cha kliniki chini ya kitanda, kisha tukaenda mahali pasipofaa.

Sasa nyinyi. Nini kiliwasaidia kufika mapema, au nini kiliwachelewesha?

Boda wa Kondele

Mama pole sana, na Mungu ashukuriwe. Mimi ndiye hupigiwa simu saa nane usiku, kwa hivyo niseme la upande wangu.

Abiria wa usiku wengi hawachelewi kwa sababu ya barabara. Wanachelewa wakipiga hesabu ya pesa. Mtu anakaa na mgonjwa tangu saa mbili akisema tungoje kuche matatu zianze. Ploti tatu ninazobeba tumeelewana: mtoto, mjamzito au mzee akizidiwa, nakuja kwanza, pesa utanitumia mwisho wa wiki. Miaka miwili sasa, ni mmoja tu hajalipa. Ongeeni na boda wenu mchana, mkiwa wazima. Usiku ule hakuna anayeweza kupatana.

Kingine: akina mama humfunga mtoto leso mpaka usoni ili upepo usimpige. Nikiona hivyo nasimamisha pikipiki. Mfunike mwili, uso uache apumue.

Mama Pacha, Kaptembwo

Mimi niko Nakuru. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya mapacha, na nauza viazi. Homa ikanishika nikaenda kemisti. Mara ya kwanza Piriton, vile vidonge vya mzio. Mara ya pili vidonge vya rangi mbili, antibayotiki. Mara ya tatu sindano. Hakuna siku niliyoulizwa mimba ina miezi mingapi, na tumbo lilikuwa limenitangulia mlangoni.

Aliyeniokoa ni wifi yangu. Alinipigia simu kuuliza bei ya gunia. Nikamwambia "elfu mbili na..." nikaishiwa pumzi. Nikaanza tena, nikaishiwa tena. Akakata simu. Baada ya nusu saa alikuwa mlangoni na teksi, hakuniuliza kama nataka.

Hospitalini daktari alinieleza kwamba mwenye mimba akipata mafua makali yuko katika hatari kuliko mtu mwingine wa umri wake, na kwamba iko dawa ya virusi vya mafua vyenyewe, oseltamiviri, inayofaa zaidi ikianza ndani ya saa 48. Mimi nilikuwa siku ya sita. Walinipa hata hivyo. Wanangu wako hai, wanakimbia kimbia hapa ninapoandika.

Lakini yaliyoniumiza zaidi ni ya pesa. Sikuwa nimejiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali. Nilijua NHIF, ile bima ya zamani, imeondoka Oktoba 2024, nikasema nitaenda kesho, kesho ikawa miezi. Basi wifi akawa anazunguka na simu saa tano usiku, chama chetu kikachanga Sh7,400 ndani ya saa moja, na bado haikutosha. Dada zangu, piga *147# leo ukiwa umekaa na chai yako. Kujiandikisha hakulipiwi, na ukishaandikwa unatibiwa bure dispensari na kituo cha afya. Kulazwa hospitali kubwa ndiko kunakotaka uwe umelipa mchango, na sisi tusio na mshahara tunalipa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600. Ni nyingi, najua. Mimi sasa natoa Sh70 kila wiki kwenye kopo.

Mzee wa Mbale

Watoto wangu, nawasoma. Sisi Vihiga tumelelewa kwa kujifukiza: mwarobaini, majani ya mkaratusi, blanketi juu, jasho likitoka umepona. Msiitupe hekima hiyo yote.

Nyar Manyatta

Shikamoo mzee wangu. Hatuitupi. Chai ya tangawizi na limau nakunywa hata sasa. Ila kwa mtoto mdogo ile sufuria naiogopa. Wodini tulilala kitanda cha jirani na mtoto wa miaka mitatu aliyepiga teke sufuria ya kujifukiza. Alikuja na homa ya kawaida, akalazwa kwa kuungua mapaja yote mawili. Sauti yake wakati wa kubadilishwa bandeji bado naisikia.

Mzee wa Mbale

Marahaba binti. Hapo nimekuelewa. Nitawaambia wa kwangu wasiwafukize wajukuu.

Mwalimu wa Bweni

Mimi ni mwalimu msimamizi wa bweni, kaunti ya Kakamega. Jina la shule naliacha.

Muhula wa pili, Jumatatu wasichana watatu walikuwa na mafua. Jumatano 19. Ijumaa wamepita 60. Vitanda vyetu ni vya ghorofa, nafasi ya kati anapita mtu mmoja kwa ubavu, na madirisha usiku hufungwa yote kwa ajili ya baridi. Chumba cha wagonjwa kina vitanda viwili.

Kosa langu ni hili, na nalisema wazi. Wazazi walianza kupiga simu, uongozi ukaogopa kelele, na mimi nikaunga mkono tuwatume nyumbani wale waliokuwa wagonjwa. Tuliwapakia matatu Ijumaa mchana, wakikohoa, wakatawanyika Butere, Malava, Lugari, mpaka Busia. Mafua huanza kuambukiza siku moja kabla mtu hajaanza kukohoa, na huendelea kwa siku tano hadi saba. Tulikuwa tumechukua ugonjwa uliokuwa ndani ya ua mmoja tukausambaza kwa nyanya zao. Nyanya wa mmoja, mwenye sukari, alilazwa wiki tatu. Nilienda kumtazama. Aliniuliza tu kama mjukuu wake ameshapona na amerudi darasani.

Tangu hapo nimepigania mambo machache nikayapata. Kila muhula naandika daftari la wenye pumu, seli mundu, kisukari na moyo, na pampu ya pumu ya kila mmoja najua iko droo gani. Darasa moja la zamani limegeuzwa kuwa pa kutenga wagonjwa. Madirisha ya juu ya bweni hayafungwi, wanaongezewa blanketi. Wanalala kichwa kwa miguu, yaani wa kitanda hiki akiangalia mashariki, wa jirani magharibi, ili wasipumuliane usoni. Anayezidiwa anapelekwa hospitali usiku uleule kwa gari la shule, na dereva ana ruhusa ya maandishi ili asianze kumtafuta mkuu. Karatasi hiyo ndogo ndiyo iliyochukua muda mrefu kuipata kuliko yote.

Sista wa Nyando

Nimetoka zamu nikakuta uzi huu. Erokamano mwanzishaji. Mimi ni muuguzi, na haya mambo nimeyaona tangu nikiwa mwanafunzi.

Mwisho wa Juni 2009, homa ya H1N1, ile watu waliita homa ya nguruwe, ilipothibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza, mgonjwa alikuwa mwanafunzi Mwingereza aliyekuja na wenzake, na kundi hilo lilikuwa hapa hapa Kisumu. Likatengwa hotelini. Nakumbuka watu mjini wakivuka barabara wasipite karibu na hoteli, huku ndani ya matatu tumebanana kumi na wanne, madirisha yamefungwa, na nusu yetu tunakohoa. Tulikuwa tunamwogopa mgeni. Hatukujiandaa kwa ajili ya jirani.

Juni 2021, wakati wa korona, ndiyo ilinifunza oksijeni. Kaunti 13 za ziwa na magharibi zilikuwa zimewekewa masharti makali, kafyu saa moja jioni, wodi imejaa. Usiku mmoja nilikuwa na wagonjwa wawili na mtungi mmoja uliobaki robo, nikawa nazungusha kile kifundo cha kipimo nikimpunguzia huyu nimwongezee yule, mpaka alfajiri gari la mitungi likaingia. Wote wawili walitoka hai. Nilienda kukaa nyuma ya stoo ya nguo nikalia.

Kwa hivyo nawaomba jambo moja la mchana: nenda kwenye kituo kilicho karibu nawe ukaulize, mnafungua mpaka saa ngapi, mna oksijeni, na kama hamna mnatuma wapi? Hakuna atakayekufukuza. Dispensari nyingi hufunga jioni. Na wakati wa mgomo, kama ule wa wauguzi wa 2017 uliochukua karibu miezi mitano, majibu hubadilika, kwa hivyo uliza tena.

Kuhesabu pumzi, huyo jirani wa Manyatta amefanya sawasawa. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi, dakika nzima. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi kumi na moja, 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Kifua kikibonyea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea usiweze kumwamsha, usihesabu tena, ondoka.

Msitudai sindano ya antibayotiki kwa kila kikohozi. Haiui virusi. Na mtoto asipewe aspirini kwa homa. Chanjo ya nimonia, PCV, iko bure kliniki tangu 2011, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa hivyo angalieni vitabu. Chanjo ya mafua yenyewe haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto, wengi wanaipata kwa kulipa hospitali za kibinafsi, na hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika. Mwenye uwezo na aliye mjamzito, au mwenye pumu, au anayemtunza mzee, aulize. Mimi naona ingepaswa kuwa bure kwa wajawazito wote, na kila nikipewa nafasi kwenye mkutano nasema.

Kijana wa Asembo

Kule kwetu Asembo watu wa utafiti walikuja nyumbani miaka mingi, wakiuliza nani alikohoa, na ukienda hospitali ya Lwak na kikohozi ulikuwa unachovywa pua, sampuli inapelekwa maabara ya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Zamani nilidhani wanatusumbua. Sasa nafanya kazi mjini, na naona huku hakuna anayeuliza.

Baba Awasi

Samahani kwa kuingilia. Nimesoma ya sista nikamhesabu wangu. Ana miaka miwili na nusu, mafua siku ya tatu, jana kipimo cha malaria hakuna. Amepata 48. Mama yake yuko kwao, niko naye peke yangu.

Sista wa Nyando

Alikuwa analia?

Baba Awasi

Alikuwa amelala.

Sista wa Nyando

Mpandishe fulana, washa taa. Chini ya mbavu pakoje?

Baba Awasi

Panaingia ndani kidogo. Sikuwa nimeona.

Sista wa Nyando

Toka sasa hivi baba, uende Ahero. Beba kitabu cha kliniki, mpe maji kidogo kidogo njiani kama anakunywa, usimfunike uso. Usisimame kemisti.

Boda wa Kondele

Stendi ya Awasi nina mwenzangu analala hapo. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa ndani. Pesa baadaye.

Nyar Manyatta

Baba Awasi uko wapi?

Nyar Manyatta

Bado tunakungoja.

Baba Awasi

Tumefika. Imesoma 89. Wamemwekea mpira, sasa analala kifuani kwangu. Mtungi umejaa, nimeuliza.